Barua pepe: mistari iliyofichwa inayoweza kuokoa feza za shirika lako

Tuchukue mfano wa mama mmoja, mtunza feza wa ushirika wa wakulima wa kahawa mjini Butembo, jimbo la Kivu ya Kaskazini. Ni asubuhi, umeme umerudi, modemu imewaka. Katika sanduku lake la barua pepe mna barua mpya 140: matangazo ya mafunzo, rapoti za mikutano ya mashirika, majibu ya watu walio likizo, bei za kahawa, na watu asiowajua wanaomuahidi urithi wa mamilioni. Katikati ya hizo zote mna barua moja ya muuzaji wa mashine za kukoboa kahawa, wa Kampala. Inasema: banki yetu imebadilika, malipo ya kwanza ya dola 8,000 yatumwe kwenye konti hii mpya, leo kabla ya saa kumi.

Jina ni lile lile. Alama ya kampuni ni ile ile. Hata namba ya faktire ni ile ile waliyokwisha kuandikiana. Mama huyu atajuaje kama ni muuzaji wake kweli, ama ni mwizi aliyevaa shati la muuzaji?

Sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya barua yenyewe, mahali ambapo watu wengi hawajawahi kuangalia. Kila barua pepe inakuja na mistari ambayo programu inaificha ili isichoshe macho. Kwa Kifaransa inaitwa "en-tête". Hapa tutaiita vichwa vya barua. Mtu anayejua kuisoma, na anayejua kuiamuru kompyuta yake iisome kwa niaba yake, anapunguza kazi na anapunguza hatari.

Mfano wa mama wa Butembo tumeutunga, lakini wizi wa namna hiyo si hadithi. Raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alizitumia Google na Facebook faktire za uongo kwa jina la kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikiwauzia vifaa. Kati ya mwaka wa 2013 na 2015 makampuni hayo mawili yalimtumia zaidi ya dola milioni 100. Alikamatwa, akakubali kosa, na Desemba 2019 mahakama ya New York ikamhukumu miaka 5 ya gereza. Kwa mwaka wa 2023 peke yake, polisi ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilipokea malalamiko ya wizi wa faktire na wa barua pepe za kazi yenye hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9. Kama makampuni makubwa ya intaneti yamedanganywa, ushirika wenye kompyuta mbili na modemu moja una sababu gani ya kujiona salama?

Bahasha, barua, na jina ambalo kila mtu anaweza kuandika

Kwanza tuelewe kwa nini udanganyifu huu ni mwepesi. Barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili katika mtandao ilitumwa mwaka wa 1971 na Mmarekani Ray Tomlinson, yeye ndiye aliyechagua alama ya @. Mwaka wa 1982 kanuni mbili ziliandikwa: moja ya namna seva zinavyopokezana barua, nyingine ya namna barua yenyewe inavyoandikwa, pamoja na vichwa vyake. Wakati ule watumiaji walikuwa wachache, wengi wao watafiti waliofahamiana. Hakuna aliyeweka askari wa kuuliza: wewe unayejiita fulani, ni fulani kweli?

Kwa hiyo mstari wa From, ule unaoonyesha jina la mtumaji, ni kama jina unaloandika nyuma ya bahasha kabla ya kumpa dereva wa basi. Unaweza kuandika jina lako, la jirani yako, ama la gavana. Dereva hatauliza kitambulisho. Programu nyingi, hasa za simu, zinaonyesha jina peke yake na kuficha anwani. Mwizi anategemea hapo.

Lakini chini ya jina hilo mna mistari mingine, na si yote iliyo mikononi mwa mwizi.

Karatasi ya safari yenye mihuri

Kila mfanyabiashara wa Butembo anajua karatasi ya safari ya gari la mizigo. Gari likitoka Kasindi kwenye mpaka, kila bariere linaacha alama yake mpaka mzigo ufike. Barua pepe nayo inatembea hivyo. Kila seva inayoipokea inaandika mstari mmoja unaoanza na neno Received: nimeipokea kutoka kwa nani, mimi ni nani, ni saa ngapi. Kila muhuri mpya unawekwa juu ya ule uliotangulia. Ndiyo maana mistari ya Received inasomwa kutoka chini kwenda juu: ya chini ni mwanzo wa safari, ya juu ni mlango wa nyumbani kwako.

Muhuri wa juu kabisa umewekwa na seva yako mwenyewe, kwa hiyo unaweza kuuamini. Ile ya chini mwizi anaweza kuwa aliichora kabla ya kutuma. Kanuni ni moja: amini zaidi kilichoandikwa na mlinzi wa nyumba yako kuliko kilichoandikwa na mgeni.

Hata saa inasema kitu. Mashariki mwa Congo tuko kwenye +0200, Kinshasa iko kwenye +0100, Kampala kwenye +0300. Barua ya muuzaji wa Kampala ikibeba saa ya +0800, hiyo si ushahidi wa wizi, maana watu wanasafiri na kompyuta nyingine saa yake haikutengenezwa vizuri. Lakini ni sababu ya kusimama kidogo kabla ya kulipa.

Mistari mitano ya kujua

Vichwa vya barua moja vinaweza kujaza ukurasa mzima. Kwa kazi ya biro, mistari mitano inatosha kuanza.

Wa kwanza ni Reply-To. Huu unasema jibu lako litakwenda wapi. Mara nyingi haupo, na si vibaya. Lakini From ikisema ni kampuni, na Reply-To ikipeleka jibu kwenye anwani ya bure ya mtu asiyejulikana, hapo jicho lifunguke. Ukibonyeza "jibu" kuuliza kama konti ni ya kweli, swali lako litapokelewa na mwizi mwenyewe, naye atakujibu kwa adabu kwamba ndiyo, ni ya kweli.

Wa pili ni Authentication-Results. Huu unaandikwa na seva inayopokea, baada ya kuchunguza mambo matatu: spf, yaani kama seva iliyotuma imeruhusiwa na mwenye jina la kikoa, dkim, yaani kama sahihi ya kidijitali ya barua inakubalika, na dmarc, yaani kama vitu hivyo vinapatana na jina lililo katika From. Ukiona pass, uchunguzi umepita. Ukiona fail, umekataa. Ukikuta dmarc haikutajwa kabisa, usihesabu kama imepita: huenda mwenye kikoa hajaweka kanuni yoyote. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawadai wanaotuma barua nyingi kwa siku waweke vitu hivi vitatu, kwa hiyo utavikutana mara nyingi kuliko zamani.

Wa tatu ni List-Id. Barua zinazotoka katika kikundi cha barua pepe zinabeba mstari huu, wenye jina la kikundi lisilobadilika. Watumaji ni mia, mada zinabadilika kila siku, lakini List-Id inabaki ile ile.

Wa nne ni Auto-Submitted. Mashine nyingi zinazojibu zenyewe, kama zile za watu walio likizo, zinauweka ili ijulikane kwamba hakuna mtu aliyeandika.

Wa tano ni X-Spam-Flag. Seva nyingi zinazotumia programu ya SpamAssassin zinaandika hapo YES kama zinaona barua ni taka.

Kuiamuru kompyuta isome kwa niaba yako

Hakuna mtunza feza atakayesoma vichwa vya barua 140 kila asubuhi. Hapo ndipo kichujio kinaingia. Kichujio ni amri: ukiona mstari fulani una maneno fulani, fanya hivi.

Gmail ikifunguliwa katika ukurasa wa intaneti ina vichujio vyake, lakini haikupi nafasi ya kuchagua mstari wowote unaoutaka kati ya vichwa. Programu za barua zinazowekwa kwenye kompyuta ndizo zenye uhuru huo. Tutaeleza kwa Thunderbird, ambayo ni ya bure na toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004. Inaweza kufungua sanduku la Gmail, la Yahoo ama la shirika lako.

Anza kwa kuangalia. Fungua barua moja, kisha bonyeza Ctrl na U pamoja. Dirisha litafunguka na kuonyesha barua jinsi ilivyofika, vichwa vikiwa juu. Usiogope wingi wa herufi. Tafuta mistari mitano tuliyotaja.

Kisha ingia katika "Outils", uchague "Filtres de messages", na uanze kichujio kipya. Kwenye orodha ya mistari ya kuchunguza utakuta vile vya kawaida: mtumaji, mada, tarehe. Shuka mpaka mwisho wa orodha, kwenye nafasi ya kuongeza mstari wako mwenyewe. Andika List-Id, bila nukta mbili za mwisho, na uikubali. Tangu hapo itakuwa katika orodha.

Kichujio cha kwanza: kama List-Id ina jina la kikundi cha mikutano, peleka barua katika dosie ya "Mikutano". Kwa siku moja sanduku litaanza kupumua.

Kichujio cha pili: kama Auto-Submitted ina neno auto-replied, peleka katika dosie ya "Majibu ya mashine".

Kichujio cha tatu ndicho cha kulinda feza: kama Authentication-Results ina maneno dmarc=fail, weka etiketi nyekundu. Usiiambie kompyuta ifute. Barua ya kweli nayo inaweza kuanguka: mtu akiipitisha kutoka sanduku moja hadi jingine, spf inaweza kuvunjika, kikundi kikiongeza maneno chini ya barua, sahihi ya dkim inaweza kuharibika. Nyekundu maana yake ni "mtu aangalie", si "tupa".

Kichujio cha nne kina masharti mawili yanayotakiwa kutimia pamoja: From ina jina la kikoa cha muuzaji wako, na Reply-To ina gmail.com, ama anwani nyingine ya bure. Hiyo nayo iwe nyekundu. Kiandike kwa kila muuzaji mnayemlipa feza nyingi. Kwa ushirika mdogo watakuwa watano ama kumi, si kazi ya siku nzima.

Wanaotumia Outlook ya zamani iliyowekwa kwenye kompyuta watakuta katika kanuni zake sharti la maneno maalumu ndani ya "en-tête" ya barua, na vichwa vyenyewe wataviona kwa kufungua barua, kisha "Fichier", kisha "Propriétés". Programu ya Mail ya Apple nayo inakubali uongeze mistari yako katika orodha ya kanuni.

Jambo la mpangilio: vichujio vinafanya kazi kutoka juu kwenda chini. Kile cha usalama kiwekwe juu kabisa, kabla ya vile vinavyohamisha barua. Na kabla ya kukiamini kichujio, kijaribu kwa mkono juu ya dosie yenye barua za zamani. Thunderbird ina pia daftari la vichujio linaloandika kila kilichofanyika. Barua ikipotea, anza kutafuta humo kabla ya kumlaumu sekretere.

Kuokoa mega pia

Kwetu intaneti inanunuliwa kwa mega, na kila mega ina bei. Wengi hawajui kwamba faili inayounganishwa na barua pepe inaongezeka uzito karibu theluthi moja, kwa sababu inageuzwa kuwa herufi ili iweze kusafiri. Rapoti ya mega 9 inakula karibu mega 12. Ikitumwa katika kikundi, na biro yenu ina kompyuta tatu zenye sanduku moja, hesabu inajionyesha.

Vichwa, kinyume chake, ni vyepesi sana. Kwa wanaotumia njia ya POP, Thunderbird ina mpangilio wa kupakua vichwa peke yake. Kichujio kikiisha kuona vichwa, kinaweza kuamuru: hii ya mfadhili, lete yote, hii ya matangazo, ifute kwenye seva bila kuipakua. Kwa wanaotumia IMAP, wanaweza kuzima nafasi ya kuhifadhi barua zote kwenye kompyuta. Hapo programu italeta vichwa, na barua yenyewe itakuja pale utakapoifungua. Inawezekana pia kukataa barua zinazopita uzito fulani mpaka utakapozihitaji.

Kuna jambo moja la kukumbuka katika miji ambako umeme unakatika. Vichujio vya Thunderbird vinafanya kazi pale tu kompyuta inapokuwa imewaka na programu imefunguliwa. Umeme ukienda mchana kutwa, barua zitafika kwenye simu yako bila kuchujwa na bila etiketi nyekundu. Kwa hiyo barua yoyote inayotaja malipo isiamuliwe kwenye simu. Ingojee kompyuta. Kama shirika lina seva yake, mwombe fundi aandike kanuni hizo hizo kwenye seva, maana huko zinafanya kazi hata biro ikiwa gizani.

Kichujio hakipigi simu

Tumrudie mama wa Butembo. Amefungua vichwa vya barua ile. Seva yake imeandika dmarc=pass. Je, alipe?

Hapana, si bado. Pass inasema tu kwamba barua imetoka kweli katika kikoa kilichotajwa. Haisemi kwamba kikoa hicho ni cha muuzaji wake. Mwizi anaweza kununua kikoa kinachofanana, ambamo herufi r na n zimewekwa pamoja ili zionekane kama m, ama tarakimu 1 imechukua nafasi ya herufi l. Kikoa hicho ni mali yake, atakiwekea spf, dkim na dmarc, na vyote vitapita. Kwa hiyo jina la kikoa lisomwe herufi kwa herufi, likilinganishwa na lile lililo katika kontrati.

Na kuna hali mbaya zaidi: sanduku la muuzaji lenyewe limeingiliwa. Mwizi amekaa ndani, amesoma mazungumzo yote, amepata namba ya faktire, na anaandika kutoka anwani ya kweli. Hapo vichwa vyote vitakuwa safi. Hakuna kichujio duniani kitakachomkamata.

Anayeweza kumkamata ni mama mwenyewe, kwa simu. Si kwa namba iliyoandikwa chini ya barua ile, maana hiyo mwizi ndiye aliyeiweka. Ni kwa namba iliyo katika kontrati, ile waliyokuwa wakipigiana tangu zamani. Dakika mbili za krediti ya kupiga Uganda hazifikii hata dola chache. Konti isiyo yake ingemla dola 8,000 za wakulima ambao wamevuna, wameosha na wameanika kahawa yao kwa miezi.

Mashirika yanaweza kuandika kanuni hiyo katika mistari mitatu na kuibandika ukutani: konti mpya haikubaliwi kwa barua pepe peke yake, lazima simu ipigwe kwa namba ya zamani, lazima watu wawili watie sahihi. Hata mkubwa wa shirika akiandika kwamba ni haraka, kanuni ibaki. Haraka ndiyo silaha ya kwanza ya mwizi, na mkubwa mwenye akili atafurahi kupigiwa simu.

Kwa hiyo, mama mtunza feza, na wewe papa sekretere, leo fungueni barua moja mnayoiamini, mbonyeze Ctrl na U, mwangalie inavyofanana ndani. Anayejua vizuri sura ya barua ya kweli ya muuzaji wake hatakawia kuona ile ambayo si yake.